Rangi ya nje ya nyumba za mawe za pwani ya Waswahili

Rangi ya nje ya nyumba za mawe za pwani ya Waswahili ni tabaka la mwisho linalopakwa juu ya kuta, milango, roshani na paa za nyumba za kale katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kama vile Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mombasa na Bagamoyo. Kazi yake ni kupendezesha nyumba, lakini pia kupunguza mvua inayoingia ukutani na kuuacha unyevu uliomo ndani utoke.

Uchaguzi wake ni mgumu kuliko ule wa nyumba mpya ya matofali ya saruji, kwa sababu nyumba ya kale ina vitu vingi kwa pamoja: mawe ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa, viraka vya saruji vya miaka ya karibuni, mbao za milango na roshani, mabati ya paa na vyuma vya madirisha. Kila kimoja hunyonya maji, hutanuka na huzeeka kwa namna yake. Rangi inayofaa mabati inaweza kuharibu ukuta wa matumbawe, na chokaa inayoufaa ukuta haishiki kwenye mabati. Kwa hiyo nyumba moja huhitaji rangi tatu au nne za aina tofauti, hata kama zote ni nyeupe.

Ukuta wa matumbawe

Mawe ya matumbawe hukatwa katika miamba ya kale iliyojengwa na viumbe wa bahari. Yana matundu mengi, hivyo hunyonya maji kwa urahisi. Mafundi wa pwani waliyapanga kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu hadi kupata ukuta wenye unene wa nusu mita hivi au zaidi. Sakafu za ghorofa zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: kwa kawaida si zaidi ya mita 3. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukikaa na maji muda mrefu, ncha hizo huoza au huliwa na mchwa bila dalili yoyote kuonekana kutoka nje, na mwishowe ni sakafu nzima inayoshuka.

Nyumba hizi hazina tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi kama nyumba za siku hizi. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia kwa mvua kupitia nyufa na paa bovu, na huvuja kutoka mabomba na vyoo vilivyoongezwa baadaye. Ukuta ulijengwa ukitegemea kwamba maji hayo yatatoka tena kwa kukauka na upepo. Mafundi husema kwamba ukuta “unapumua”. Neno hilo linaweza kumpoteza msomaji, maana jambo lenyewe si hewa kuingia na kutoka bali mvuke wa maji kupita katika matundu madogo ya lipu na rangi.

Pamoja na maji kuna chumvi. Hutoka katika upepo wa bahari, katika mchanga wa ufukweni uliotumika kujengea na katika mawe yenyewe. Maji yanapokauka, chumvi hubaki na kuwa fuwele. Fuwele zikijitengeneza juu ya uso wa ukuta huonekana kama unga mweupe na hufagiliwa kwa brashi. Zikijitengeneza nyuma ya rangi isiyopitisha mvuke, husukuma rangi hiyo pamoja na lipu mpaka vibanduke.

Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar wenye asili ya Oman na kwa fedha za wafanyabiashara kutoka Uhindi, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliongezewa roshani za mbao, madirisha ya vioo na, baadaye, paa za mabati juu ya zile za chokaa zilizokuwa bapa. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilichanganya kuta za matumbawe na nguzo za chuma. Sehemu ya jumba hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi za ukarabati zikiendelea.

Chokaa

Rangi ya asili ya kuta hizi ni chokaa. Mawe ya matumbawe huchomwa katika tanuri la kuni hadi joto la nyuzi 900 za selsiasi hivi. Kwa joto hilo kaboni dayoksaidi huondoka, na kilo 100 za mawe safi hubaki kilo 56 za chokaa hai. Chokaa hai ikitiwa maji huchemka na kuwa chokaa iliyozimwa, ambayo huhifadhiwa ndani ya maji kama uji mzito. Kadiri inavyokaa, kwa miezi kadhaa, ndivyo inavyokuwa laini. Chokaa laini nyeupe ya kumalizia ukuta huitwa niru.

Kwa kupaka, uji huo huchanganywa na maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa. Ukipakwa hauonekani sana. Fundi asiyeuzoea hudhani hajapaka kitu, huongeza unene, na kazi yake hupasuka. Weupe hujitokeza unapokauka. Hapo chokaa hurudisha kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kuwa tena jiwe lilelile la kabla ya tanuri, likiwa limeshikamana na lipu iliyo chini yake. Ndiyo maana chokaa haibanduki kama ngozi: haikai juu ya ukuta tu, bali huwa sehemu yake. Huchakaa kwa kulika taratibu, na tabaka jipya hupakwa juu ya lile la zamani bila kulikwangua lote.

Mageuzi hayo yanahitaji unyevu. Ukuta hulowanishwa kwanza, kisha hupakwa matabaka membamba 3 hadi 5, kila moja likiachwa siku moja hivi kabla ya jingine. Jua kali likikausha chokaa kwa saa moja, hubaki unga unaotoka mkononi. Chokaa iliyozimwa ni kali kama dawa: huunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Miwani na glavu ni lazima, na jicho lililoingiwa huoshwa mara moja kwa maji mengi, kisha mtu hupelekwa hospitali.

Saruji na rangi za plastiki

Saruji ya Portland ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin. Katika Afrika Mashariki ilienea katika karne ya 20, hasa baada ya viwanda kuanzishwa huko Bamburi karibu na Mombasa katika miaka ya 1950 na Wazo Hill karibu na Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Rangi za maji zenye plastiki ya akriliki zilienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Vyote viwili vilipokelewa kwa furaha pwani, na si bila sababu: saruji hukauka upesi, na rangi ya dukani hukaa miaka kadhaa bila kurudiwa, wakati chokaa hutaka kupakwa tena mara kwa mara.

Juu ya ukuta wa matumbawe faida hiyo hugeuka. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko mawe yaliyo chini yake na haifuati mtikisiko wake mdogo, hivyo hupasuka. Mvua huingia kwenye nyufa, lakini haiwezi kutoka kwa njia pana iliyoingilia, kwa kuwa saruji na plastiki huziba matundu. Ukuta hubaki umelowa ndani huku uso wake ukionekana mkavu na safi. Baada ya misimu michache rangi huvimba kama malengelenge, kwanza karibu na ardhi na chini ya madirisha. Mwenye nyumba akidhani kwamba rangi ilikuwa hafifu hununua nyingine iliyo nzito zaidi, na hali huzidi kuwa mbaya. Tatizo hili si la pwani ya Waswahili peke yake. Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa kabla ya 1919 zina kuta nene za chokaa, na zimepata madhara ya namna hiyohiyo.

Si kila rangi ya kiwandani iko sawa. Rangi ya silika, iliyopewa hataza na Adolf Wilhelm Keim wa Ujerumani mwaka 1878, hutumia silika ya potasiamu badala ya plastiki na hushikamana na jiwe kikemikali. Hupitisha mvuke vizuri na hufaa kwa lipu ya chokaa na ya saruji, ila ni ghali na haipatikani kila duka. Kuhusu rangi nyingine, neno “inapumua” kwenye kopo halitoshi. Kipimo cha kutafuta katika karatasi ya maelezo ya kiwanda ni Sd, kinachotajwa kwa mita: namba ikiwa ndogo, mvuke hupita kwa urahisi. Kiwango cha Ulaya EN 1062 huweka rangi zenye Sd chini ya mita 0.14 katika daraja la juu la kupitisha mvuke. Rangi isiyo na maelezo hayo ni afadhali isitumike kwenye ukuta wa matumbawe.

Kuchunguza kabla ya kununua

Makosa mengi hufanyika dukani kwa sababu hakuna aliyeuchunguza ukuta kwanza. Vipimo vinavyofuata havihitaji mtaalamu. Ukuta uliopigwa maji kidogo ukiyanyonya mara moja na kubadilika rangi, bado una matundu wazi. Maji yakitiririka, kuna plastiki au mafuta juu yake. Kitambaa kilicholowanishwa kwa spiriti kikisuguliwa kwenye rangi ya maji ya kisasa huilainisha na kuipaka kitambaani, lakini hakiiathiri rangi ya mafuta iliyokauka zamani. Chokaa huacha unga mweupe kwenye kiganja.

Kugonga kwa mpini wa nyundo huonyesha mahali lipu ilipoachana na jiwe: sauti huwa ya kitu kilicho wazi ndani. Lipu ya namna hiyo haipakwi rangi, hutolewa. Saruji hutambulika kwa rangi ya kijivu na ugumu wake. Msumari huikwaruza kidogo tu, wakati lipu ya chokaa huchimbika.

Jambo la kwanza kutengenezwa, kabla ya rangi yoyote, ni maji yenyewe. Mfereji wa paa uliotoboka humwaga maji mahali pamoja kila mvua inaponyesha, na hakuna rangi inayoweza kushindana nao. Baada ya kuziba mvujo, ukuta mnene huhitaji miezi mingi kukauka. Kuupaka wiki inayofuata ni kufungia maji ndani.

Ukuta wenye viraka

Hali iliyo ya kawaida zaidi ni ukuta ambao nusu yake ni lipu ya zamani ya chokaa na nusu imezibwa kwa saruji na kupakwa rangi ya plastiki. Njia iliyo bora ni kuondoa saruji na kurudisha chokaa. Hata hivyo, saruji iliyoshika sana hung’oka na vipande vya matumbawe, na fundi mwenye haraka anaweza kuharibu katika siku moja zaidi ya unyevu wa miaka kumi. Wahifadhi wengi hupendelea kutoa kwanza ile iliyolegea au iliyo sehemu ya chini karibu na ardhi, ambako ukuta unahitaji zaidi kukauka, na kuiacha iliyoshika imara sehemu za juu.

Chokaa ikipakwa juu ya rangi ya plastiki hukosa cha kunyonya, hivyo huchubuka. Rangi ya zamani huondolewa kwa kikwangulio na brashi ngumu, si kwa mashine ya maji yenye nguvu, ambayo husukuma maji ndani ya ukuta na kula mawe laini. Kwenye viraka vya saruji vinavyobaki chokaa hushika kwa shida na hutoa weupe tofauti, hivyo rangi ya silika ndiyo inayoweza kuunganisha sehemu zote mbili kwa mwonekano mmoja. Lipu mpya ya saruji ina alkali kali na huachwa wiki 4 hivi kabla ya kupakwa. Rangi ya mafuta ikipakwa mapema mno hugeuka sabuni na kunata.

Mbao

Milango ya kuchongwa ya Zanzibar na Lamu ilitengenezwa kwa mbao ngumu kama msaji, mvule na mfenesi. Kwa desturi hupakwa mafuta, si rangi. Rangi nzito hujaza michoro ya nakshi, na kila tabaka jipya hufuta sehemu ya kazi ya mchongaji. Kuna milango ambayo maua yake yamegeuka uvimbe tu. Mlango uliokwisha kupakwa husafishwa polepole kwa dawa ya kulainisha rangi na vijiti vya mbao, kwa kuwa moto na msasa wa mashine huunguza au kula kingo za nakshi.

Roshani, vipenu na mbao za madirisha zimezoea rangi ya mafuta, na huko inafaa, mradi ubao uwe mkavu na upakwe pande zote pamoja na ncha zilizokatwa. Ncha ndizo zinazonyonya maji zaidi, na ndizo zinazosahauliwa kwa sababu hazionekani kutoka mtaani. Mahali ubao unapoingia ukutani haupaswi kufunikwa kwa saruji. Chokaa huacha ubao ukauke.

Mabati na chuma

Bati jipya lina ngozi ya zinki inayolilinda. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki huitikiana nayo, hutengeneza sabuni na kubanduka kama karatasi. Bati huoshwa kwanza kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha hupakwa praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Bati lililokwisha kushika kutu husuguliwa kwa brashi ya waya na hupewa praima ya kuzuia kutu.

Nondo za madirisha na misumari iliyo ukutani zina hatari nyingine. Chuma kikishika kutu huongezeka ukubwa na kupasua jiwe lililokishika. Karibu na bahari ni muhimu kupaka praima hadi pale chuma kinapoingia ukutani, si kuishia karibu na hapo.

Risasi katika rangi ya zamani

Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, iliyotiwa ili kuongeza weupe, ung’avu au kasi ya kukauka. Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza kisheria isizidi sehemu 90 kwa milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Katika nyumba ya kale hatari iko kwenye milango, roshani na vyuma kuliko kwenye kuta za chokaa. Rangi ya namna hiyo haichomwi wala kusuguliwa ikiwa kavu. Hulowanishwa ili vumbi lisiruke, na maganda hukusanywa juu ya turubai. Katika vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe, ambako watoto hucheza barazani, vumbi la nyumba moja huwa la mtaa mzima.

Uchaguzi wa kivuli cha rangi

Chokaa tupu ni nyeupe, na weupe hurudisha sehemu kubwa ya joto la jua. Rangi nyingine hupatikana kwa kuongeza udongo wenye oksidi ya chuma, ambao hutoa njano, waridi na nyekundu ya matofali. Rangi ya kuchanganya na chokaa lazima ivumilie alkali. Buluu ya kufulia ya aina ya ultramarini huvumilia, lakini buluu ya Prussia huharibika na kugeuka kahawia.

Kivuli kimoja huonekana tofauti kwenye vitu tofauti. Lipu yenye mikwaruzo hukitia giza, ubao uliopakwa mafuta hukitia mng’ao, na chokaa ikikauka huwa nyepesi sana kuliko ilivyokuwa ndooni. Kujaribu kulinganisha ukuta, roshani na paa kwa namba ya kivuli kimoja huleta nyumba inayoonekana imekosewa. Inapendeza zaidi kuta zikiwa na rangi moja nyepesi, mbao zikawa na nyingine iliyo nzito, na bati likaachwa na rangi tulivu. Sampuli ya ukubwa wa nusu mita hupakwa ukutani na kutazamwa asubuhi, adhuhuri na baada ya mvua.

Majira, vibali na gharama

Kazi ya nje huepuka mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Miezi ya kipupwe, kuanzia Juni, ina joto dogo na inafaa chokaa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua ni kali, hivyo mafundi hupaka upande wenye kivuli na kuuzunguka mjengo pamoja na jua.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Huko Zanzibar kazi za ujenzi na ukarabati zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985.

Kibali hakilipi fundi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, nyingine ziko chini ya wakfu, na familia kadhaa huishi katika jengo moja. Chokaa yenyewe ni ya bei nafuu, lakini inahitaji kurudiwa, na ni nani wa kuirudia halijulikani kila mara: mpangaji wa chini anayeuona unyevu, wa juu ambaye bomba lake linavuja, au mwenye jengo asiyeishi humo. Rangi ya plastiki inayopakwa mara moja kabla ya sikukuu hupendwa kwa sababu hiyo kuliko kwa uzuri wake. Baadhi ya wapangaji hukubaliana kuchanga kila mwaka kwa ajili ya chokaa ya sehemu ya chini ya ukuta tu, mita 2 za kwanza kutoka ardhini, ambako ndiko maji na chumvi hutoka kwa wingi.